Salamu ya Watu Wawili

Mjukuu wangu amenificha chumvi. Yeye ni muuguzi, ana kile kitambaa cha kufunga mkononi na kukipuliza hadi vidole vife ganzi, na kila Jumapili akija kwangu Makole ananifunga, anatazama saa yake, anaguna. Jumapili iliyopita hakuguna. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi amekumbatia kopo langu la chumvi, akasema, "Bibi, presha yako imepanda sana. Ukiendelea hivi mishipa ya kichwani itapasuka au itaziba, na akili itaanza kuondoka kidogo kidogo."

Nilimwambia arudishe kopo langu. Nilimwambia mimi ni mtoto wa mpika chumvi, chumvi nimeijua kabla mama yake hajazaliwa, wala sitafundishwa na mtu niliyemfuta kamasi. Akacheka, akalitia kopo mkobani, akaenda nalo. Mtoto yule ana kiburi. Kakirithi kwangu, lakini hilo halimpi ruhusa ya kukitumia juu yangu.

Alipoondoka nilikaa na hasira mpaka chai ikapoa. Halafu lile neno lake likanirudia: kidogo kidogo. Anajua nini? Mimi nimeiona akili ya mtu ikiondoka, nimeishika mkono nikaisindikiza, na haikuondoka kidogo kidogo. Nina daftari nililopewa kwenye kisomo cha ngumbaru, mwalimu anataka nilijaze a, e, i, o, u. Nitalijaza hili. Asiyetaka asisome.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, kabla reli haijafika Dodoma. Kwetu ni pembezoni mwa bonde la Bahi. Mvua zikiisha maji ya bondeni hurudi nyuma, na udongo unaobaki hupiga weupe juu yake. Huo weupe ndio uliokuwa shamba letu la pili. Wanawake tulikuwa tukiukwangua kwa vipande vya kibuyu, tunaujaza kwenye kapu lililotandikwa nyasi, tunamimina maji juu, na maji yanachuruzika chini kwenye chungu. Maji hayo yanachemshwa kutwa mpaka chungu kibaki na uji mzito, na uji ukikauka ndiyo chumvi. Kazi ya mikono hiyo kila mtu aliiweza. Kazi ya ulimi ilikuwa ya mama yangu.

Maana udongo haufanani. Hatua tano tu upande huu ni chumvi, upande ule ni uchungu unaoharisha watu. Na maji ya kwanza si sawa na maji ya pili, na chungu kikizidi moto chumvi inaungua. Yote hayo yalijulikana kwa kuonja. Mama alichovya kidole, akaweka ulimini, akafumba macho, akasema "Bado" au akasema "Sasa," na hakuna aliyembishia. Wanawake wa vyungu vingine walimletea maji yao kwenye kata ili aonje. Tangu jua linachomoza mpaka linazama alikuwa anaonja chumvi, kiangazi baada ya kiangazi, na maji ya kunywa hatukuwa nayo mengi.

Baba yangu alikuwa amekufa njiani akibeba mizigo ya Mdachi, nasi tulikaa kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Nilikuwa msichana mkubwa, matiti yameshatoka, mdomo nao umeshatoka. Kila mtu alisema mdomo huo utanikosesha mume. Haukunikosesha, ila tuyaache hayo.

Siku ya kwanza mama aliinama kuchota maji kwa kata, kata ikamponyoka. Akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine aliyemwendea bila kumwita. Nikamwambia, "Mama, okota." Akafungua mdomo kunijibu, upande mmoja wa mdomo ukashuka, na maneno yakatoka mazito, yamekwama kama mtu ana tonge la ugali shavuni. Nikaona mshipa wa pembeni mwa paji lake la uso umetutumka na unapiga.

Mshipa ule niliujua. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mwaka wa njaa wanaume humfunga ng'ombe kamba shingoni, mshipa unavimba, wanautoboa kwa mshale mfupi, wanakinga damu. Anayeshika kamba lazima awe mtu mwenye akili, kwani akikaza mno au akichelewa kulegeza, ng'ombe hupepesuka na kuanguka, na akisimama anatazama tu. Nilimtazama mama nikajiuliza ni nani aliyemfunga kamba na kwa nini halegezi.

Baada ya siku chache aliamka, akasema, akacheka, akaniuliza nani kaacha mlango wazi. Mguu mmoja aliuburuta, mdomo ulibaki umeinama kidogo. Watu wakasema kapona. Mimi niliona kitu kingine: alimimina maji kwenye kapu kabla ya kuweka udongo. Nikamwelekeza bila kusema neno, naye akafuata bila kusema neno. Akakaa hivyo hivyo msimu wote wa kilimo. Hakuzidi wala hakupungua.

Siku ya pili ilikuwa baada ya mavuno. Nyumba zetu za tembe zina paa bapa la udongo, na juu ya paa ndiko tunakoanika uwele. Kupanda ni kwa gogo lililokatwa mikato ya kuwekea miguu. Mama alikuwa juu anatandaza uwele, mimi niko chini napepeta. Nikasikia kimya. Nilipopanda nilimkuta ameketi katikati ya nafaka, mikono mapajani, mshipa unapiga. Nikamwambia tushuke. Akaja mpaka ukingoni, akalitazama lile gogo alilolipanda asubuhi hiyo hiyo, asijue ni kitu gani.

Nilishuka mbele yake, mgongo wangu nje, nikaukamata mguu wake nikauweka kwenye mkato. Akasimama hapo. Akapumua. Nikauhamisha mguu mwingine, mkato wa chini. Akasimama hapo. Ndivyo tulivyofika chini, na ndivyo akili yake ilivyokwenda tangu siku hiyo. Anashuka mkato mmoja kwa ghafla, anasimama hapo miezi, unajisahaulisha kwamba kuna mkato mwingine. Halafu anashuka. Nakuandikia wewe, muuguzi: si kidogo kidogo. Ni kwa mikato.

Mkato ule wa pili uliondoka na salamu.

Nieleze hapa, maana watoto wa leo mnaingia nyumba za watu huku mnaongea. Kwetu mtu akifika kwa mtu husimama nje, husema "mbukwa," halafu husubiri. Aliye ndani akiitika "mbukwa," hapo ndipo anaingia, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Anayeingia kimya ni mmoja kati ya wawili, mwizi au mchawi, na mwizi huchagua nyumba isiyo na watu. Kwa hiyo mtu mzima akiingia kimya adhuhuri, watu wamo ndani, hakuna anayejiuliza mara mbili.

Mama akaanza kuingia kimya. Alikuwa anatoka kwetu jua la utosini, anaburuta mguu, anaingia mlango wowote, anakaa karibu na jiko la watu au anakwenda chumba cha ndama. Ndama kwetu hulala ndani ya nyumba, na mama alipenda ndama tangu utoto wake. Alikuwa anawasugua mapajani na masikioni. Wenye nyumba wanageuka, wanakuta mtu ameinama gizani, mdomo upande, hasemi. Watoto walikimbia. Mwanzoni wakubwa walimtoa tu kwa mkono, wakanyamaza.

Lakini mwaka ule ulikuwa mkavu. Ndama walikufa kila nyumba. Kwa jirani yetu wa upande wa jua kuchwa, mzee mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa, walikufa wawili ndani ya siku chache, na mama alikuwa amewasugua wote wawili. Mzee huyo akasema lile neno ambalo wengine walikuwa wanalitafuna tu.

Wazee wakakaa. Mjomba akaitwa, nami nikaenda nyuma yake ingawa sikuitwa. Zamani, walisema, mama angenyweshwa mwavi, ile sumu ya kumpima mchawi, na mambo yangeisha. Ila Mdachi amekataza mwavi, na jumbe angepeleka habari bomani. Kwa hiyo atafukuzwa. Apelekwe porini upande wa pili wa bonde, aende anakotaka. Mwanamke mwenye mguu mmoja mzima, kiangazi, fisi wamezoea mizoga. Kila aliyekuwa pale alijua anakotaka ni wapi. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa.

Mimi nilisimama. Msichana hasimami kwenye kikao cha wazee, nilijua, nikasimama. Nikasema, "Nyinyi nyote mmefunga ng'ombe kamba. Mmemwona anapepesuka. Mlimwita mchawi? Mama yangu amefungwa kamba ndani ya shingo na hakuna wa kuilegeza. Tazameni mshipa wake. Tazameni mguu wake. Mchawi gani huyo anayeacha unyayo mmoja mzima na mwingine wa kuburuta, mtoto mdogo anaweza kumfuata?"

Baadhi walicheka, mmoja akaniambia nifyate ulimi. Yule jirani hakucheka. Alisema, "Mtu mgonjwa husalimu. Hata anayekufa husalimu. Huyu mbona hasalimu?"

"Atasalimu," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Nilipandwa na mori tu. Mzee mwenye kauli ya mwisho alinitazama kwa muda, nadhani alikuwa amechoka na jua, akasema basi. Mama abaki. Ila siku atakayoonekana ameingia mlango wa mtu bila salamu, hata mara moja, siku hiyo hiyo atavushwa bonde, na mimi nisifungue mdomo.

Nyumbani nilimkalisha mama, nikamwambia, "Sema mbukwa." Akanitazama kwa upole. Nikasema mbukwa, mbukwa, mbukwa, mpaka ulimi ukanikauka. Alinyoosha mkono akanifuta jasho. Siku ya tatu nikaacha. Nilikwenda kwa mjomba nikamwambia nataka kwenda bomani kumshtaki jirani. Mjomba akasema, "Nenda. Askari watakuja, watawalaza wazee wote kifudifudi, viboko hamsa ishirini kila mmoja. Halafu wewe na mama yako mtachota maji kisima gani?" Alikuwa mwoga, lakini mwoga naye kuna siku husema kweli.

Basi nikaamua kwamba kama mama hana salamu, yangu itatosha watu wawili.

Tangu asubuhi ya kesho yake nilimshika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba. Sikumficha ndani kama mjomba alivyotaka. Kumficha ni kukubali. Tulisimama kila lango, nikapaza sauti, "Mbukwa, sisi wawili." Nikasubiri. Asipoitika mtu nikarudia. Wapo walioitika upesi kwa haya. Wapo walioitika meno yamefungwa. Mwanamke mmoja alituona kwa mbali akajilaza nyuma ya kihenge, na mimi nilimwona, nikasimama langoni pake nikasalimu mpaka watoto wake wakaanza kumcheka, akaitika akiwa bado amelala. Siku ya pili tulirudi. Siku ya kumi tulirudi. Nilisemwa kwamba nimepata wazimu wa mama yangu. Nikawaambia, "Na wazimu huo una salamu nzuri. Mbukwa."

Kwa yule jirani tulikwenda mwisho kila siku, na sikuwahi kuliruka lango lake. Yeye akituona aligeuza mgongo akatema mate. Aliyeitika alikuwa mke wake mkubwa. Kila mke alikuwa na nyumba yake katika tembe lile, na mlango wa huyu ndio uliokuwa na chumba cha ndama. Aliitika kutoka ndani, neno moja, kavu, hakutoka nje, hakukaribisha. Siku nyingi sikuona hata uso wake. Nilisikia tu jiwe la kusagia likisimama, "mbukwa," kisha jiwe likaendelea.

Hivyo ukapita mwezi, ukapita mwingine. Mama hakushuka mkato. Nilianza kuamini nimeshinda.

Kisha jumbe akakusanya wanaume kwenda kusafisha njia ya Mdachi, mjomba akaenda nao, nikabaki peke yangu na vyungu vitatu motoni. Mama alikaa kivulini nyuma yangu. Chungu cha katikati kilianza kunuka. Harufu ile naijua mpaka leo: ukichelewa muda wa kumeza mate, chumvi imeungua na chungu kimepasuka. Nilivuta kuni, nikakoroga, nikachovya kidole, nikaonja. Bado. Nikaonja tena. Nilijiona mama yangu, nikafurahi. Nilipogeuka, kivuli kilikuwa kitupu.

Nilikimbia. Unyayo mmoja mzima, mkwaruzo mmoja, unyayo mmoja mzima, mkwaruzo mmoja. Yale niliyowaambia wazee kwa majivuno ndiyo niliyoyafuata sasa. Nyayo hazikuyumba. Zilikwenda moja kwa moja upande wa jua kuchwa.

Yule jirani alikuwa ameshika nguzo ya lango lake. Kwa uzee wake hakupelekwa kwenye njia, na alikuwa amerudi kutoka kunywesha ng'ombe. Alikuwa anazitazama nyayo chini kama ninavyozitazama mimi. Ziliingia ndani ya lango, zikavuka ua, zikaishia kwenye mlango wa mke mkubwa. Nilisimama pale pale nje ya lango, pumzi zinanikata, nikapaza sauti, "Mbukwa, sisi wawili."

Mzee akasema taratibu, "Umechelewa, binti yangu. Mmoja yumo ndani."

Akapiga yowe la kuita watu. Wazee walikuja, wanawake wakaja, watoto wakapanda juu ya paa. Niliyaona macho yao. Sikulia, sikutaka waone machozi yangu. Nilikuwa nimemuuza mama yangu kwa chungu cha chumvi, na kila mtu pale angeweza kunusa moshi nguoni mwangu.

Mke mkubwa akatoka. Alimshika mama mkono. Mama alikuwa na maziwa kidevuni, amenyweshwa. Mke yule alitazama umati, akamtazama mume wake, akanitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza namwona vizuri. Alikuwa mtu mfupi, mwenye unga mpaka kwenye viwiko.

Mume wake akamwuliza mbele ya wote, "Huyu alisalimu?"

Akajipangusa unga kwanza, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Alisalimu," akasema. "Nikaitika."

"Nilikuwa hapa langoni. Sikusikia."

"Wewe uko langoni kwa ng'ombe wako. Mlango huu ni wangu. Salamu ya mlango wangu naisikia mimi."

Kwetu mume ana zizi na ana lango, lakini mlango wa nyumba ni wa mke, na ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Mume mwenyewe husimama hapo akasubiri kuitikiwa. Mzee mwenye kauli ya mwisho alikuna kidevu. Nadhani alijua. Nadhani wote walijua. Akasema, "Mwenye mlango ameitika," akageuka akaenda zake, na watoto wakashuka kwenye paa wamekasirika kwa kukosa tamasha.

Kesho yake nilimkuta yule mke mkubwa kisimani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba, limefumba. Aliniwahi yeye kunisalimu. Nilimwuliza kwa nini alidanganya kwa ajili yetu, na yeye akatua mtungi kama mtu aliyekerwa.

"Sikudanganya kitu," akasema. "Umenisalimia kwa niaba yake kila siku miezi miwili. Salamu hizo zote nilizisikia. Jana nilitumia moja."

Ningependa kuandika hapa kwamba yule mume naye alipigwa na ugonjwa uleule, mdomo ukaenda upande, akaingia nyumba za watu kimya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini haikuwa hivyo. Alikufa mzee mno, akili timamu, ng'ombe tele, anasalimu kila mtu. Mungu ana mambo yake, nami nina maneno yangu ya kumwambia tukikutana.

Sikuacha kuzunguka na mama. Sasa wengi walituwahi kutusalimu. Alishuka mkato wa tatu mvua za mwaka ule, akasahau kujifunga nguo. Mkato wa nne akasahau kutafuna, nikamlainishia uji. Alisahau jina la mjomba, akasahau baba, akasahau ndama, na chumvi niliyomwekea ulimini hakuisemea "Bado" wala "Sasa." Mimi nilingojea zamu yangu ya kusahauliwa. Nilikuwa najua itakuja, na kila asubuhi nilikuwa nauchunguza uso wake kabla ya kuweka bakuli chini.

Ilikuja asubuhi moja ya kawaida. Niliingia na uji. Alikuwa ameketi kwenye ngozi yake, mgongo umenyooka, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyetoka mbali. Midomo yake ikahangaika, upande mzima ukivuta upande mbovu. Kisha akasema, wazi kabisa, "Mbukwa."

Miaka miwili nilikuwa nalitafuta neno lile. Nililibembeleza, nililia kwa ajili yake, nililisema mimi mahali pake kwenye kila lango la kijiji. Sasa kalipata, na kalipata kwa sababu hanijui. Mwanawe anayelala nyumba hiyo hiyo hakuwa na haja ya kusalimiwa hivyo. Mgeni ndiye husalimiwa hivyo.

Nilitaka kupiga kelele, "Ni mimi, mama." Nilitaka kumtikisa. Hasira niliyokuwa nayo asubuhi ile sijawahi kuwa nayo tena, wala sijui ilikuwa juu ya nani. Lakini mtu akikusalimu unaitika. Nikatua bakuli chini.

"Mbukwa," nikasema.

Akaniuliza kwetu wazima. Nikasema wazima. Akaniuliza nimetoka mbali. Nikasema si mbali sana. Akasogea kwenye ngozi yake, akapapasa mahali pembeni yake kwa ule mkono mzima, akanikaribisha niketi. Nikaketi. Alikuwa mwenyeji mzuri. Alifariki mvua zilipoanza, na mpaka siku hiyo alinisalimu kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa mgeni wake.

Mjukuu wangu ananiambia sasa kwamba huenda ni chumvi. Kwamba iliyazidisha yale mapigo ya damu mpaka mishipa ya kichwani ikawa inaziba mmoja mmoja, na kila unapoziba, kipande cha akili kinakufa kwa kiu. Nilimbishia moyoni siku tatu nzima. Chumvi ile ilitulisha. Ulimi ule ulikuwa heshima yake. Mtu ataniambiaje kwamba kile kilichomfanya mama aheshimiwe ndicho kilichomfunga kamba? Lakini naukumbuka ule mshipa. Naukumbuka tangu kabla kata haijaanguka, miaka, ukipiga pale pembeni mwa paji la uso huku ameinamia chungu, nami nikauona mzuri.

Basi kopo abaki nalo. Nimeiacha chumvi, na asidhani nimeiacha kwa sababu ameniamuru. Nimeiacha kwa ubishi. Mlenda bila chumvi hauliki, naula hivyo hivyo huku nautukana. Kila asubuhi natembea mpaka sokoni Majengo na kurudi kwa miguu, natembeza damu, nasalimu kila mtu njiani hata wasionijua. Mkato wangu wa kwanza ukitaka kunishusha, utanikuta nimeng'ang'ania.

Na ukinishusha, muuguzi wangu, sikiliza. Siku nikiingia nyumba ya jirani kimya, njoo usalimu kwa watu wawili. Na siku utakayoingia na kitambaa chako, nikakutazama, nikakusalimu vizuri na kukuuliza kwenu wazima, usiniambie wewe ni nani. Weka mkoba chini, uitike.